Dakika Nne na Sekunde Kumi na Mbili

Halden, Dakota Kusini
Februari 6, 2017

Shemeji Verlyn,

Nimekupigia simu mara mbili. Mara ya kwanza ulisikia sauti yangu ukakata. Mara ya pili hukupokea kabisa. Kwa hiyo naandika.

Sikuandikii kukuuliza hali. Jana nimeona picha yako gazetini. Umesimama katikati ya sakafu mpya ya uwanja wa mpira wa kikapu wa Chuo cha Marsh Creek, kocha mzima, mikono nyuma, na mkuu wa chuo chako amekushika bega. Chini wameandika kwamba sakafu imelipwa na "mafanikio ya Umoja wetu wa vyuo." Nilisoma mara tatu nikitafuta jina la mume wangu Halvor. Halimo.

Umoja haukucheza mpira, shemeji. Umoja ni vyuo vinane na ofisi moja yenye zulia. Aliyecheza Machi ile ya 2014 ni mdogo wako na vijana wake wa Chuo cha Brandvold. Walichukua ubingwa wa Umoja kule Sioux Falls, wakaenda kwenye mashindano makubwa ya nchi nzima, wakapiga chuo chenye wanafunzi elfu arobaini, wakapiga na kingine, wakaanguka mchezo wa tatu. Kila mchezo waliocheza kule ni fungu moja la fedha, na kila fungu linalipwa miaka sita, na halilipwi kwa chuo chetu bali kwa Umoja, mkagawana vinane sawasawa. Nyinyi mlioshinda michezo minne mwaka mzima mmepata sawa na sisi. Halvor hakulalamika. Alisema ndivyo kanuni ilivyo. Ninayelalamika ni mimi.

Alifariki Oktoba ya mwaka ule ule, unajua, au labda hujui, maana hukuuliza. Alikuwa anakusanya majani ya mti wa mbele. Kwenye mfuko wa koti lake nilikuta ganda la chungwa limekauka, refu, halijakatika. Alikuwa akimenya chungwa moja kabla ya kila mchezo na kuweka ganda mfukoni alishike. Hilo koti bado linaning'inia. Fedha ya kwanza ilipofika alikuwa ameshalala miezi sita. Huu ni mwaka wa tatu anawalipa akiwa chini ya ardhi, na wewe unapigwa picha juu ya mbao zake.

Hukuja mazikoni. Wanawake wa kanisa walitengeneza mikate ya nyama ya kutosha watu mia mbili. Nilikuwekea sahani, nikaifunika. Ilikaa mpaka Jumanne.

Na sababu naijua. Siku mlipocheza nyinyi kwa nyinyi, raundi ya kwanza ya mtoano wa ubingwa wa Umoja, nilikaa mstari wa sita. Alikushinda kwa pointi tatu. Mlipokutana katikati ya uwanja mlipishana kama watu wasiojuana. Ulimnyima mdogo wako mkono mbele ya watu elfu tatu kwa sababu ya wivu, na wivu huo huo ukakuzuia kuja kumzika.

Ninayo bahasha yako. Ulipokatwa wavu wa kikapu siku ya ubingwa, kama wafanyavyo washindi, Halvor aliwagawia vijana nyuzi zake, mmoja mmoja, na zilizobaki akaziweka kwenye droo ya soksi. Humo nimekuta bahasha imeandikwa "Verlyn" kwa mkono wake. Imefungwa na sijaifungua. Sitaituma mpaka uniandikie kwa maneno yako mwenyewe kwa nini ulimnyima mkono.

Marlys


Marsh Creek
Februari 15, 2017

Marlys,

Barua yako nimeipata, nimeisoma nimesimama kwenye sanduku la posta, na mvua ya barafu ilikuwa inapiga. Ilikuwa hali ya hewa inayoifaa.

Unaniambia habari ya sakafu. Ile ya zamani iliwekwa mwaka 1961. Kwenye kona ya kusini mpira ulikuwa haudundi, unakufa. Vijana wangu walijifunza kutopita pale. Ukitaka nione haya kwa sababu sasa mpira unadunda pande zote, utasubiri.

Na ukizungumzia kugawana, waulize wakubwa wako wa Brandvold. Mlipokuwa hamjulikani hata na majirani mlipenda sana Umoja. Sasa televisheni imewaonyesha, maombi ya wanafunzi yamejaa, na mnahamia umoja mkubwa wenye viwanja vya watu elfu kumi na tano. Juni mnaondoka. Nendeni salama. Fedha zinabaki huku, mafungu yote, mpaka mwaka wa sita. Ndiyo kanuni, na mkuu wenu aliipigia kura kwa mkono wake wa kulia, nilikuwepo. Kwa hiyo usinililie mimi kwamba tunakula jasho la Halvor. Mnaoliacha mezani ni nyinyi.

Kuhusu mkono sina la kukuambia. Na hiyo bahasha kaa nayo. Nimeishi miaka mitatu bila uzi.

Verlyn Stensrud


Halden
Februari 19, 2017

Shemeji,

Umeandika na jina la ukoo mwishoni, kana kwamba mimi silitumii.

Mimi sihami kwenda popote. Nafanya kazi jikoni shule ya msingi, nagawa viazi na maharage, na hakuna aliyeniuliza kura yangu. Brandvold wakienda wataacha na jina la Halvor kwenye makabati ya kioo ya Umoja. Kwa hiyo kule wanakohamia hayupo, na huko kwenu hayupo. Kilichobaki kwangu ni ushindi wake tu. Ule hauhami.

Nikukumbushe kitu. Halvor alinisimulia mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, tukikausha vyombo. Alikuwa na miaka tisa, ametoka kuugua surua. Mlikuwa mnacheza kwenye kikapu mlichokipigilia kwenye ukuta wa ghala la baba yenu, mmevaa glavu kwa baridi. Ukamwachia ashinde. Alijua. Aliingia ndani akakaa wiki nzima bila kusema nawe. Mama yenu alimuuliza, "We mtoto, kakako kakufanya nini?" Akajibu, "Kanipa pointi." Mama akacheka mpaka akakaa chini.

Nakuandikia hayo ujue ulikuwa na mdogo wa namna gani. Alitaka kitu chake akipate mwenyewe. Na alipokipata, ukageuza uso.

Wiki ijayo nasafisha droo. Ikifika Machi mosi sina neno lako, bahasha inaingia jikoni kwenye jiko la kuni, na uzi wake, na chochote alichokuandikia. Sisemi kwa hasira. Nimeweka alama kwenye kalenda.

Marlys


Marsh Creek
Februari 25, 2017

Marlys,

Ungeiacha habari ya surua ungeniacha salama. Umeitaja, basi pokea.

Mkono ulionyimwa ni wangu. Mimi niliunyoosha. Yeye alibaki na wake mfukoni mwa koti, akapita. Kutoka mstari wa sita uliona migongo yetu. Waulize waliokaa upande wa pili.

Sasa sababu. Unajua mwaka ule tulikuwa wa nane na nyinyi wa kwanza. Lakini nilikuwa na Kendrell Oates, namba kumi na moja, kijana wa Omaha, mwaka wake wa mwisho. Siku ile hakuna aliyeweza kumkaba. Zikiwa zimebaki dakika nne hivi alikuwa na pointi thelathini na moja na tulikuwa mbele kwa sita.

Kabla ya mchezo Kamishna wa Umoja, Russell Kincannon, alinikuta karibu na mashine ya bisi. Akasema, "Verlyn, jamaa yangu, sote wanane tunajua ni timu gani inaweza kushinda kule Machi. Ikienda nyingine, tunapata fungu moja na kicheko." Nikamwambia, "Unaniambia nini?" Akasema, "Sikuambii kitu. Nakununulia bisi." Akaninunulia kweli.

Zilipobaki dakika nne nikatazama juu. Wakuu wa vyuo wamekaa mstari mmoja, wanane. Tunaongoza kwa sita, timu ya mwisho inaipiga ya kwanza, ukumbi mzima unapiga kelele, na katika mstari ule hakuna anayepiga makofi. Mkuu wangu mimi, Marlys. Mkuu wa Marsh Creek. Alikuwa amesimama, mikono mifukoni, ananitazama kama mtu anayetazama moshi unatoka kwenye gari lake.

Nikamtoa Kendrell. Nikamwambia, "Pumzika kidogo." Akasema, "Kocha, sijachoka." Nikamwambia kaa. Akauliza, "Nimekosea nini?" Nikageukia uwanja. Sikumrudisha.

Hiyo ndiyo sakafu unayoiona gazetini. Ushindi wako usiohama nilimpa mimi, kama nilivyompa ule wa ghalani. Na yeye alijua, kama alivyojua ule. Usiku wa ubingwa nilimpigia simu kumpongeza. Akasema, "Usikanyage mlangoni kwangu." Nikamtii, hata alipobebwa kutoka mlango huo.

Ulitaka maneno yangu. Choma bahasha au usichome.

Verlyn


OFISI YA KAMISHNA
Umoja wa Vyuo vya Nyanda za Juu
Machi 6, 2017

Mpendwa Bi. Stensrud,

Tunakiri kupokea barua yako ya Februari 28 na tunakupa pole tena kwa msiba wa Kocha Stensrud, ambaye mchango wake kwa Umoja hauwezi kupimika.

Kuhusu mazungumzo unayosema yalifanyika karibu na mashine ya bisi, ofisi hii haina kumbukumbu yoyote ya mazungumzo hayo. Maamuzi ya kubadilisha wachezaji ni ya kocha wa timu husika.

Tunapenda kukumbusha kwamba mafanikio ya mwaka 2014 yamenufaisha vyuo vyote wanachama, yameinua hadhi ya Umoja katika majadiliano na televisheni, na yamewezesha vyuo viwili vipya kuomba kujiunga. Haya ni mambo ya kujivunia kwa familia yako.

Kuhusu ombi lako la pili, tunaambatanisha nakala ya kanda ya mchezo na karatasi ya matokeo. Tunasikitika kwamba ombi la kutaja jina la marehemu kwenye sakafu ya Marsh Creek linahusu chuo hicho na si ofisi hii.

Wako mwaminifu,
R. Kincannon, Kamishna


Halden
Machi 12, 2017

Shemeji Verlyn,

Nilipomaliza barua yako niliiweka chini ya sufuria ili nisiione. Siku mbili sikuweza kula. Nilikuchukia ulipokuwa mwenye wivu, lakini hilo halikuwa kitu. Mtu mwenye wivu angalau anacheza mpaka mwisho. Wewe uliingia nyumbani kwangu na kuchukua kitu pekee alichoniachia, halafu ukasema ulikuwa umekitoa kama zawadi.

Kwa hiyo nikamwandikia Kincannon. Anajivunia kwa niaba ya familia yangu. Lakini kanda aliituma, na hilo nadhani ni kwa sababu hakuna mtu ofisini kwake aliyeitazama.

Mimi nimeitazama mara nne. Nimeazima mashine ya shule ya kuonyeshea kanda, nikakaa jikoni kazini baada ya watoto kwenda, aproni mwilini.

Kijana wako anatoka. Anakaa mwisho wa benchi na taulo kichwani. Kisha kamera inageukia upande wetu na namwona Halvor. Amevaa ile tai ya kijani niliyoishona ilipochanika. Anakutazama wewe. Anafungua viganja viwili, hivi, kama mtu anayeuliza, "Unafanya nini?" Wewe humtazami. Unatazama mistari ya juu. Anasubiri. Mpira unachezwa mara mbili, huku na kule, bado anasubiri. Halafu anageuka, anamwita namba thelathini na nne, yule mrefu wetu, mchezaji bora wa Umoja mwaka mzima, na anamkalisha. Zimebaki dakika tatu na nusu. Hakumrudisha mpaka kengele.

Siku ile nilidhani goti limemuuma. Wewe ulidhani nini?

Najua ulichodhani. Ulidhani ana faulo nne, kwamba ya tano ingemtoa mchezoni, na Halvor anamlinda. Hivyo ndivyo kocha yeyote angedhani. Nimesoma karatasi ya matokeo, shemeji. Alikuwa na faulo mbili.

Ulimtoa wako, akamtoa wake. Dakika tatu na nusu walicheza vijana wasio na jina, wenu na wetu, na wetu wakawa wazuri zaidi. Hukumpa kitu. Umekaa miaka mitatu ukijiona mtu mbaya aliyetoa zawadi kubwa, kumbe zawadi ilirudishwa papo hapo na hukuangalia mkononi. Ushindi ni wake. Nimeuchukua tena, na sitakuruhusu uuguse.

Lakini kuna mtu ambaye hakurudishiwa. Wewe ulikuwa na mchezo mwingine mwaka uliofuata. Mrefu wetu alikuwa na michezo mitano zaidi Machi ile ile. Yule kijana mwenye taulo ulikuwa mchezo wake wa mwisho maishani. Barua yako nzima inahusu wakuu wa vyuo, na Halvor, na wewe. Yeye umemwandikia mistari mitatu.

Bahasha iko humu ndani. Nilikuahidi bahasha kwa maneno, na umeandika maneno. Sijaifungua. Sijui imesema nini na sitaki uniambie kama ni kitu cha kukufariji.

Marlys


Marsh Creek
Aprili 2, 2017

Marlys,

Si kitu cha kunifariji, kwa hiyo naweza kukuambia.

Kulikuwa na uzi mmoja wa wavu na kipande cha karatasi kilichokatwa kwenye ratiba ya mazoezi. Ameandika: "Huu si wako. Ni wa namba kumi na moja. Mpelekee mwenyewe, na mlango wangu uko wazi." Juu yake tarehe, Septemba 2014. Alikuwa hajaiposti. Nadhani alikuwa anasubiri hasira iishe, au stempu.

Kanda nimeitazama na mimi. Faulo mbili. Nimefundisha mpira miaka thelathini na moja na sikuhesabu mpaka mbili.

Jumamosi nilikwenda Omaha. Kendrell anafunga vioo vya magari, duka ni la mjomba wake. Nilimkuta na gundi mikononi. Nakuandikia kama ilivyokuwa, maana ukisikia toleo zuri utalitilia shaka.

Akasema, "Kocha. Umezeeka."

Nikasema, "Na wewe umenenepa."

Akasema, "Kioo chako kina ufa. Ndicho kilichokuleta?"

Nikampa uzi. Nikamweleza umetoka wapi na nani ameuacha. Nikamweleza na mashine ya bisi, na wakuu wa vyuo, na kwamba hakukosea kitu chochote siku ile. Sikupunguza. Mjomba wake alizima redio ili asikie. Nilipomaliza mjomba akasema, "Miaka mitatu, mzee, halafu unaleta uzi."

Kendrell akauliza, "Nilikuwa na ngapi?"

"Thelathini na moja."

"Zilibaki dakika ngapi?"

"Nne hivi."

"Dakika nne na sekunde kumi na mbili," akasema. "Saa ilikuwa juu ya kichwa chako. Sikuwa na kitu kingine cha kutazama."

Akafuta gundi, akauweka uzi kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Akasema, "Mwambie huyo mjane asante. Mwambie mumewe alikuwa kocha. Wewe sikuambii kitu." Kisha akabadilisha kioo changu. Akanilipisha bei kamili.

Nimemwandikia mkuu wa chuo changu kwamba mwisho wa mwezi naacha kazi, na nimemwambia kwa nini. Amejibu kwamba ananitakia mapumziko mema.

Karatasi ya Halvor inasema mlango uko wazi. Lakini mlango sasa ni wako. Nauliza.

Verlyn


Halden
Aprili 9, 2017

Shemeji Verlyn,

Hapana. Mlango ni wangu na haujafunguka. Sitaki kukuona ukila mezani kwangu mwaka huu, na sijui mwaka ujao.

Makaburi ya kanisa hayana mlango. Barafu imeyeyuka wiki iliyopita, ardhi ni laini, vaa viatu vya mpira. Yeye yuko mstari wa tatu kutoka uzio wa kaskazini, jiwe la kijivu, dogo kuliko alilostahili. Nenda siku ya kazi, saa sita, nikiwa jikoni shuleni nagawa chakula, ili tusikutane. Usipeleke maua. Peleka chungwa.

Ukifika weka mkono wako juu ya jiwe na uuache hapo. Safari hii hana mfuko wa kuufichia wake.

Marlys